Herufi Moja

Kompyuta ilikuwa moja, na nafasi ya kuhifadhi mchezo ilikuwa moja,
nasi tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Jagna,
Bytom, ghorofa ya nne, Januari,
nyufa za dirisha zimezibwa kwa gazeti.

Kabla ya upanga, kabla ya farasi na ramani,
mchezo uliuliza: mwanamume au mwanamke?
Miili miwili ilisimama kwenye skrini, inapumua, inangoja.
Nikasema, mwanamume, kuna la kuuliza hapo?
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na ndevu tatu nilizozihesabu kila asubuhi.
Jagna akasema, anayecheza usiku ni mimi, na usiku ni mrefu.
Tukarusha zloti moja. Ikabingirika chini ya kabati la baba.
Aliyelala kifudifudi kuitafuta ni yeye.
"Tai," akasema kutoka gizani.
Mpaka leo sina hakika na huyo tai.

Basi nikatembea majira mawili ya baridi nikiwa mwanamke.

Nasikia ziko lugha ambazo yeye ni yeye, basi,
hazikuchunguzi.
Yetu hukipa kitenzi mkia,
huwezi kusema ulikwenda dukani bila kujitangaza.
Kila tulipotumbukia chini ya daraja la barafu
skrini ilijaa wekundu: *umarłaś*,
umekufa, we mwanamke.
Ningekuwa mwanamume ingeandika *umarłeś*.
Tofauti ni herufi moja, nami niliifunika kwa kidole gumba
kama mtu anayefuta vumbi.
Gniewko alipokuja kucheza nilimwambia, hilo faili ni la dada.
Halikuwa neno la uongo. Lilikuwa la woga.

Kisha nikasahau kufunika. Sijui lini.
Walinzi wa lango walimwita binti, wakamwonyesha njia ya jikoni;
nikawapiga wote watatu, nikaenda jikoni vilevile, nikala mkate wao.

Machi, mwalimu wa historia akaniuliza jana nilikuwa wapi.
"*Byłam*," nikaanza,
na ule mkia ukanitoka mdomoni mbele ya darasa zima.
Kicheko kilifika hadi uwanjani.
Jioni nilimsimulia Jagna; alicheka mpaka akashika meza,
halafu akanyamaza ghafla.
"Darasani kwetu tuko wasichana ishirini na mvulana mmoja," akasema,
"na mwalimu akituambia *mlichelewa*,
kitenzi kinamfuata mvulana.
Hakuna anayecheka."
Akavaa vipokea sauti. Ilikuwa zamu yake.

Mgodi ulikuwa umefungwa mwaka wa pili.
Mama alikuwa Bergen, akiosha wazee wa watu.
Baba alizungumza na birika.

Alfajiri moja niliikuta kompyuta ina moto, na hakuna aliyeigusa.
Shujaa wetu tulimpa nywele nyekundu hadi kiunoni;
sasa alikuwa na nywele za kahawia, fupi,
zilizokatwa upande kama kwa mkasi wa jikoni.
Mabega yameshuka kidogo.
Kati ya nyusi, kunjo moja.
Upanga uleule, majeraha yaleyale.
Jagna alinitazama, nami nikamtazama,
tukaendelea kumchezesha bila kumbadilisha,
ila tulianza kuwa waangalifu darajani.

Pasaka mama alirudi na jibini la kahawia na mikono iliyochubuka.
Akasimama nyuma ya kiti changu, koti bado mwilini,
theluji ikiyeyuka shingoni mwangu.
Alitazama kwa muda mrefu.
Yule wa kwenye skrini naye alisimama, anapumua, anangoja.

"Pua," akasema mama. "Pua si yangu."

Jikoni, baba hakugeuka.
"Zilikuwepo pua sita tu," akasema.